Kolibri kwa darasa geuzi: seva moja, vishikwambi vichache na saa ya prepo

Mwalimu anayetaka kugeuza darasa katika shule ya kata hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: wanafunzi wataangalia video wapi? Kanuni ya darasa geuzi ni nyepesi. Maelezo ya mwanzo ya mada, yale yanayokula nusu nzima ya kipindi ubaoni, mwanafunzi anayapata kabla ya kipindi. Muda wa darasani unabaki kwa maswali, mabishano na masahihisho, mwalimu akiwa anapita kati ya madawati. Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Woodland Park, Colorado, walianza kurekodi masomo yao mwaka 2007, na hata wao, katika nchi yenye kompyuta majumbani, walilazimika kuwachomea DVD wanafunzi wasio na intaneti. Kwetu hali ni ngumu zaidi: mwanafunzi wa sekondari haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na nyumbani simu ya mzazi iko mfukoni mwa mzazi, mara nyingi bila bando.

Kwa hiyo kipimo cha tathmini hii ni kimoja. Je, Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti, inamwezesha mwanafunzi kukutana na mada kabla ya kipindi, shuleni hapo hapo, bila kila mtu kuwa na kifaa chake? Jibu letu ni ndiyo, na tunaipendekeza kwa moyo mweupe, ila kwa masharti mawili. Kwanza, shule itenge saa ya prepo, yaani kujisomea jioni, kwa kazi hiyo. Pili, kila video iambatane na karatasi. Shule inayoinunulia Kolibri vifaa bila kupanga hayo mawili itapata maktaba nzuri ya video, na darasa litabaki kama lilivyokuwa.

Kolibri ni nini na inataka nini

Kolibri ni programu huria ya bure inayotengenezwa na Learning Equality, shirika lisilo la faida la California, walewale waliotoa KA Lite mwaka 2012 ili masomo ya Khan Academy yasomeke bila intaneti. Inawekwa kwenye kompyuta moja, ambayo ndiyo inakuwa seva. Vifaa vya wanafunzi haviwekewi chochote. Vinaunganishwa na Wi-Fi ya ruta, mwanafunzi anafungua kivinjari na kuandika anwani ya seva na poti yake, kwa mfano http://192.168.1.50:8080, kisha anachagua jina lake na kuingia. Intaneti inahitajika wakati wa kupakua programu na maudhui tu. Baada ya hapo ruta haihitaji laini ya simu wala kifurushi. Kazi yake ni kuunganisha vifaa vilivyomo chumbani. Sura ya programu inapatikana kwa Kiswahili, jambo linalosaidia kidato cha kwanza wanapokuwa bado wanahangaika na Kiingereza.

Seva inaweza kuwa laptop yenye Windows au Linux na RAM ya GB 2 kwenda juu, au Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ya toleo la 3 au 4. Tunashauri kuanza na laptop ya zamani iliyolala ofisini, hata kama Raspberry Pi inavutia kwa udogo wake. Laptop ina betri yake, hivyo umeme ukikatika katikati ya prepo seva haianguki. Ina skrini na kibodi za kufanyia matengenezo. Pia ina saa inayoendelea kutembea ikiwa imezimwa, na hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Raspberry Pi 3 na 4 hazina saa ya namna hiyo: zikizimwa mahali pasipo na intaneti huwaka na tarehe ya uongo, na ripoti za wanafunzi zinajaa tarehe zisizoeleweka. Tiba ni kununua moduli ndogo ya saa yenye betri ya kifungo na kuichomeka kwenye pini zake, jambo ambalo wauzaji wengi hawamwambii mteja.

Mwenye Raspberry Pi azingatie mengine mawili. Chaja ya kawaida ya simu haitoshi. Toleo la 4 linataka volti 5 na ampea 3. Ukiipa pungufu, alama ya radi inatokea kwenye skrini, kasi inashuka, au inajizima na kuwaka yenyewe. La pili ni Wi-Fi yake ya ndani. Inatosha kwa majaribio ya vifaa vichache, lakini vishikwambi vikikaribia kumi video zinaanza kukwama. Chomeka waya wa mtandao kutoka Pi kwenda kwenye ruta ya kawaida, uiachie ruta kazi ya Wi-Fi.

Hesabu ya umeme kwa shule inayotumia sola: Pi na ruta ndogo kwa pamoja hutumia takribani wati 12 hadi 15. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 7 ina Wh 84, na ukiheshimu kutoimaliza chini ya nusu unabaki na 42. Hiyo ni karibu saa tatu, inatosha prepo ya jioni na ziada. Vishikwambi vichajiwe mchana.

Vishikwambi vyenyewe huenda tayari vipo. Vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 nchini Tanzania viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. Kenya nako, mpango wa kidijitali ulioanza mwaka 2016 ulipeleka tableti, laptop za walimu, projekta na ruta katika shule za msingi. Ukaguzi wa kwanza ufanyike kwenye kabati la mkuu wa shule kabla ya dukani. Kifaa chochote chenye kivinjari kinachosasishwa kinafaa. Vile vya zamani sana hucheza video vizuri lakini hukataa mazoezi yenye michoro ya kusogeza kwa kidole.

Maudhui: utajiri unaohitaji mkasi

Maudhui ya Kolibri yamepangwa kwa chaneli. Kwa sekondari, zenye thamani ni Khan Academy ya Kiingereza, Khan Academy ya Kiswahili, vitabu huria vya CK-12, na michezo ya sayansi ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder. Khan Academy ya Kiswahili imeegemea hisabati. Mwalimu wa fizikia au biolojia atategemea zaidi Kiingereza. Kwa mwanafunzi wa Tanzania anayeingia kidato cha kwanza, tunaona matumizi bora ya hisabati za Kiswahili ni kama daraja: video ya Kiswahili kuhusu sehemu au nambari hasi iangaliwe kwanza, karatasi ya maandalizi iwe na istilahi za Kiingereza zitakazotumika kwenye kipindi na mtihani.

Usipakue chaneli nzima. Khan Academy ya Kiingereza peke yake ni makumi ya gigabaiti, na sehemu kubwa hutaigusa. Kolibri inakuruhusu kuchagua mada moja moja ndani ya chaneli kabla ya kupakua. Njia iliyo nafuu kwa bando ni hii: mtu mmoja mjini, mwenye intaneti ya uhakika, apakue mada zilizochaguliwa kwenye laptop yake, azihamishie kwenye flashi au diski ya nje kwa kutumia kitufe cha kuhamisha ndani ya Kolibri, na shule zote za jirani zichukue kutoka hapo. Folda inayoundwa inaitwa KOLIBRI_DATA. Usiifungue na kupangapanga faili zilizomo, na usiibadilishe jina, maana Kolibri inaitafuta kwa jina hilo hilo. Kolibri mbili zikiwa kwenye Wi-Fi moja zinaweza pia kupeana maudhui moja kwa moja.

Hapa ndipo penye upungufu mkubwa wa bidhaa hii: hakuna aliyekupangia maudhui kwa mfuatano wa muhtasari wako. Khan Academy imejengwa juu ya mitaala ya Marekani. Utakutana na futi, maili, galoni na dola katikati ya maswali, na mada moja ya azimio lako la kazi inaweza kuwa imetawanyika katika madaraja matatu tofauti. Kazi ya kuoanisha ni ya mwalimu, na ni kazi ya kweli. Ifanyeni idara nzima wakati wa likizo, mada kwa mada: safu ya kwanza mada ya azimio, safu ya pili video isiyozidi dakika 10, safu ya tatu zoezi linaloendana nayo, safu ya nne kasoro za kuwatahadharisha wanafunzi, kama vipimo visivyo vyetu. Mada isiyo na video nzuri iachwe wazi. Ni afadhali kuifundisha kwa njia ya kawaida kuliko kuwalazimisha wanafunzi waangalie kitu kinachokaribiana tu.

Baada ya kuoanisha, tumia sehemu ya masomo ndani ya ukurasa wa mwalimu. Somo la Kolibri ni kifurushi unachokitengeneza wewe: video moja, zoezi moja, pengine ukurasa wa PDF, kisha unakifungua kwa darasa husika. Weka vitu visivyozidi vitatu. Mwanafunzi aliyeachiwa maktaba nzima ataranda, na dakika 15 zitakwisha akiwa bado anachagua.

Prepo, mahali darasa linapogeukia

Tuchukue mkondo wa wanafunzi 60 na vishikwambi 8. Kundi la wanafunzi wanne kwa kishikwambi kimoja ndio ukomo. Watano wakikizunguka, yule wa pembeni haoni na ataanza mazungumzo yake. Wanne mara nane ni 32, kwa hiyo zamu mbili zinamaliza mkondo mzima. Video ya dakika 8, dakika 7 za karatasi, jumla 15 kwa zamu. Ongeza dakika 5 za kubadilishana na kuingia, na dakika 40 zinatosha. Zamu isiyo na kishikwambi haikai bure: inafanya sehemu ya pili ya karatasi, ile ya marudio ya mada iliyopita.

Sauti ndiyo huharibu prepo nyingi. Vishikwambi vinane vikipiga kelele katika chumba kimoja hakuna anayesikia. Nunua vigawa-sauti vya tundu la milimita 3.5 na visikilizi vya bei ndogo, vinne kwa kila kifaa. Vinakatika kila muhula, viwekewe fungu. Fedha ikikosekana, zima sauti na utumie maandishi ya chini ya video, ambayo video nyingi za Khan zinayo, huku mmoja katika kundi akisoma kwa sauti ya chini. Inakwenda polepole zaidi, lakini inafanya kazi.

Shule yenye laptop moja na projekta tu nayo inaweza. Video inaonyeshwa mara mbili kwa mkondo mzima: mara ya kwanza bila kusimama, kalamu zikiwa chini, mara ya pili kiranja wa somo anaisimamisha mahali palipoandikwa kwenye karatasi, kwa mfano 2:15 na 4:40, na kila mtu anajibu swali la hapo kabla video haijaendelea. Mwalimu wa zamu hahitaji kuwa mtaalamu wa somo hilo, na huo ndio uzuri wa mpango wenyewe.

Karatasi ya maandalizi ni nusu ya A4, hivyo mkondo wa 60 unatumia karatasi 30 kwenye mashine ya kudurufu. Iwe na maswali matano, na la mwisho liwe lile lile siku zote: andika jambo moja ambalo hujalielewa. Mfano ulio kamili, mada ya umeme katika kidato cha pili, kwa kutumia mchezo wa PhET wa kuunda saketi. Swali la kwanza: unda saketi yenye betri moja, kikinzani cha omu 10 na ameta, kisha uichore. Swali la pili: weka betri volti 3, 6 na 9, jaza mkondo wa umeme kwenye jedwali. Mwanafunzi anapaswa kupata ampea 0.3, 0.6 na 0.9. Swali la tatu: weka nukta hizo kwenye grafu. Swali la nne: bila kugusa kishikwambi, mkondo utakuwa ngapi kwa volti 12? Kisha swali la mwisho. Mwanafunzi anaingia darasani akiwa ameshaona kwa macho yake kwamba volti na mkondo vinapanda pamoja, na kanuni ya Ohm haitakuwa tena sentensi ya kukariri.

Kipindi pacha cha dakika 80 kinachofuata kinaweza kwenda hivi. Dakika 10 za kwanza mwalimu anajibu yale yaliyoandikwa kwenye swali la mwisho, akiwa ameyapitia kabla na kuchagua mawili au matatu yanayojirudia. Dakika 20 ni za kadi. Hapa tunaazima mbinu ya Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, ambayo haihitaji umeme hata kidogo. Kila mwanafunzi anakunja A4 mara mbili ipate robo nne na kuandika A, B, C na D, herufi moja kila robo, ili aweze kuonyesha moja tu. Mwalimu anaandika swali ubaoni: betri moja inawasha balbu mbili zinazofanana zilizounganishwa mfululizo, ukiongeza balbu ya tatu ya aina hiyo hiyo mfululizo, ile iliyo karibu zaidi na betri itafanyaje? A, itawaka kama mwanzo. B, itafifia. C, itawaka zaidi. D, itazimika. Kimya dakika moja, kisha kadi juu kwa pamoja, zikiwa zimeshikwa mbele ya kifua ili jirani asiige.

Jibu ni B, na A ndilo shimo linalojulikana: mwanafunzi anadhani mkondo unatumika njiani, hivyo balbu ya kwanza inapata wa kutosha na za nyuma zinapata makombo. Majibu sahihi yakiwa kati ya asilimia 30 na 70 hivi, usieleze. Waambie kila mmoja amtafute mwenye herufi tofauti na yake, wabishane dakika mbili, kisha kadi tena. Yakiwa chini ya 30, mada haijaeleweka na unatakiwa kurudi nyuma. Yakizidi 70, eleza kwa sentensi mbili na uendelee. Baada ya hapo washa balbu tatu halisi za tochi kwa betri kubwa mbili mbele yao.

Dakika 35 ni za maswali ya makundi, mwalimu akitembea, na 15 za mwisho ni jaribio fupi la daftari. Mpango huu unakufa kwa sababu moja kuliko zote: mwalimu anakuta nusu ya darasa haijafanya maandalizi, anawaonea huruma, na anafundisha upya kutoka mwanzo. Wiki ya tatu hakuna anayejiandaa tena, maana wameona kusubiri kunalipa. Walioshindwa kujiandaa wakae nyuma na kishikwambi na karatasi kwa dakika 15 za kwanza, wakati wenzao wanaendelea na majibu na kadi, kisha wajiunge. Hakuna viboko wala kudhalilishwa, na hakuna somo la pili ubaoni.

Shule za kutwa hazina prepo, na kuwabakiza wasichana hadi jioni wakati nyumbani ni mbali si jambo la kulichukulia wepesi. Kwa shule hizo, geuza ndani ya kipindi pacha chenyewe. Nusu ya mkondo iko kwenye vishikwambi kwa dakika 35, nusu nyingine iko na mwalimu kwa kadi na maswali ya mada iliyotangulia, kisha wanabadilishana. Mwalimu anapata wanafunzi 30 badala ya 60 mbele yake, na faida hiyo pekee inastahili usumbufu wa kuhamisha madawati.

Ripoti: kinachosemwa na kisichosemwa

Ukurasa wa mwalimu ni sehemu tunayoipenda zaidi katika Kolibri. Unaonyesha nani ameanza somo, nani amemaliza, nani anahitaji msaada, na swali gani limekosewa na wengi. Mazoezi ya Khan yana sharti la umahiri, mara nyingi majibu 5 sahihi kati ya 7 ya mwisho, na nukta za chini ya skrini zinamwonyesha mwanafunzi alipofika. Unaweza pia kutunga jaribio kutoka katika mazoezi yaliyomo, ukachagua idadi ya maswali, na kuamua kama kila mwanafunzi apate mpangilio wake. Kumbuka tu kwamba jaribio halionekani kwa wanafunzi mpaka mwalimu alianzishe, na katika matoleo mengi mwanafunzi haoni masahihisho yake mpaka mwalimu alifunge. Walimu wengi husahau hatua hiyo ya pili.

Lakini kundi la wanne linapoingia kwa akaunti moja, ripoti inamhesabu mmoja. Usijidanganye nayo. Tengeneza akaunti za makundi, Kundi 1 hadi Kundi 15, na alama za mtu mmoja mmoja uzitoe kwenye karatasi na jaribio la daftari. Isitoshe, maendeleo ya video yanapimwa kwa muda uliochezwa. Kishikwambi kilichoachwa mezani kikicheza peke yake nacho kitahesabiwa kuwa kimemaliza. Kwenye mipangilio ya shule, ondoa sharti la nywila kwa wanafunzi, la sivyo dakika tano za kila prepo zitaishia kwenye nywila zilizosahaulika.

Video yako mwenyewe

Mada zilizobaki wazi kwenye jedwali la idara zinaweza kujazwa na mwalimu. Simu ilazwe juu ya mrundo mrefu wa vitabu mezani, kamera ikitokeza nje ya vitabu na kutazama daftari chini, mwanga wa dirisha ukitokea upande wa mkono usioandika ili kivuli kisifunike. Andika kwa kalamu ya wino mzito, ongea kama unavyoongea darasani, usizidi dakika 8. Punguza faili kwa HandBrake, programu ya bure, hadi ukubwa wa 480p na kasi ya kilobiti 500 hivi kwa sekunde. Dakika 8 zitakuwa kama MB 30. Kisha fungua akaunti ya Kolibri Studio kwenye intaneti, upakie MP4, PDF na maswali ya kuchagua au ya namba, uchapishe chaneli, na upate tokeni, yaani msimbo, wa kuiingiza kwenye seva ya shule. Akaunti ya kawaida ina nafasi ya MB 500, zinazotosha video kama 15 za aina hiyo pamoja na karatasi zake, na unaweza kuomba nyongeza.

Udhaifu wa Studio ni kwamba haifanyi kazi nje ya intaneti. Kusahihisha neno moja kwenye swali kunahitaji kuchapisha upya mtandaoni na kuvuta tena kwenye seva. Sahihisha yote kwenye karatasi kabla ya kupakia.

Yanayoharibika

Wanafunzi wakiandika anwani na kukuta ukurasa mtupu, mara nyingi ukuta wa usalama wa Windows ndio umeizuia Kolibri. Iruhusu kwenye mitandao ya binafsi. Anwani iliyofanya kazi jana ikikataa leo, ruta imeipa seva namba nyingine: ingia kwenye mipangilio ya ruta uiwekee seva namba ya kudumu, kisha ibandike ukutani. Kivinjari kikiongeza herufi s baada ya http, futa. Kishikwambi chenye laini ya simu kitagundua Wi-Fi haina intaneti na kuhamia kwenye data. Zima data kabisa. Laptop inayolala ikifunikwa inakatisha prepo ya mkondo mzima, hivyo badilisha mpangilio wa umeme ili kufunika mfuniko kusifanye lolote.

Kibaya kuliko vyote ni kuchomoa Raspberry Pi ukutani bila kuizima kwa utaratibu. Memori kadi inaharibika na kumbukumbu za muhula mzima zinapotea nayo. Izime kwa amri yake, na kila Ijumaa nakili folda ya .kolibri kwenye flashi inayokaa kwa mwalimu wa taaluma. Nunua kadi mbili tangu mwanzo, ya pili ikiwa nakala kamili iliyo tayari kuchomekwa.

Mbadala

RACHEL ya World Possible ni seva iliyopakiwa tayari, nyepesi kuanza nayo, na matoleo yake yamekuwa yakibeba Kolibri ndani; inafaa shule isiyo na mtu wa kompyuta. Kiwix ni bora kwa Wikipedia nje ya intaneti, lakini haina majina ya wanafunzi wala ripoti, hivyo kwa darasa geuzi ni ya ziada.

Shule yenye fedha kidogo ianze bila seva: muhula mmoja wa karatasi za maandalizi zinazotegemea kurasa za kitabu cha kiada, pamoja na kadi za A, B, C na D. Prepo ikishika na walimu wakizoea kutofundisha upya, hapo nunueni ruta na muamshe ile laptop ya ofisini. Vishikwambi viwe vya mwisho kwenye orodha, vinne kwanza, vingine baada ya kuona jinsi visikilizi na chaja zinavyodumu mikononi mwa wanafunzi.